Nyumba Tisa za Barabara ya Juu

Kila siku shule ilipofungwa, Nuala Lavelle alikwenda moja kwa moja kwa babu yake. Mama yake alikuwa mpishi wa hospitali ya mjini na hakurudi mpaka jioni, kwa hiyo Nuala alikula alichokula Babu: mayai mawili ya kuchemsha, mkate wa magadi uliopakwa siagi nene, na chai nzito. Wakimaliza kula, mzee alifungua redio asikilize matangazo ya vifo. Hapo hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa. Redio ikifungwa, Nuala aliokota mayai bandani, akafanya kazi zake za shule mezani, na Babu akamsaidia hesabu huku akizikosea.

Babu huyo, Malachy Feeney, alikuwa diwani wa Cloonmora kwa miaka ishirini na tano. Mwaka ule Nuala alipofikisha umri wa miaka kumi na miwili, nyonga ya mzee iligoma kabisa kupanda ngazi. Akaamua kupumzika na kumwachia mwanawe Fintan, yaani mjomba wake Nuala, agombee badala yake. Kata yetu ina viti vitano, na kimoja kilikuwa kimekaliwa na Babu muda mrefu mpaka watu wakakiita kiti cha Malachy. Hakuna aliyefikiri kwamba kingeweza kutoka nje ya nyumba ile.

Basi mwezi wa Mei, baada ya redio, badala ya hesabu kikaletwa mezani kitabu cha Babu. Kilikuwa na orodha ya wapiga kura wote wa kijiji, nyumba kwa nyumba, na pembeni mwa kila nyumba palikuwa na nafasi ya alama. Vema maana yake ni wetu. Mkasi maana yake ni wao. Duara maana yake bado hajulikani.

Ni lazima niseme kwamba sisi watu wa Cloonmora tuna adabu moja mbaya: hatusemi hapana mlangoni. Mgombea akibisha hodi tunamwambia, "Usijali, hapa utaangaliwa," yaani kura zetu ni zako. Dakika kumi baadaye akija mpinzani wake, naye anaambiwa vivyo hivyo, na pengine anapewa na biskuti. Babu alilijua hilo.

"Usiniletee walichosema tu," alimfundisha Nuala. "Niletee na namna walivyosema. Anayekukaribisha ndani ni wetu. Anayezungumzia mvua ni wao."

"Na anayezungumzia mvua na kunikaribisha?"

"Huyo ana upweke. Kunywa chai yake, umpe duara."

Kwa wiki mbili Nuala alizunguka hivyo, Babu akimngoja garini, na kazi ilimpendeza. Kisha ikafika zamu ya Barabara ya Juu.

Barabara ya Juu ni kilima chenye nyumba tisa na wapiga kura thelathini na mmoja. Jioni hiyo mvua ilikuwa ya ubavu, ile inayoingia hata masikioni. Babu alisimamisha gari chini ya kilima kwa sababu ya mashimo.

"Hawa wako mfukoni," alisema. "Tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe. Babu zao na babu yangu walijificha shimo moja, wakala viazi vya sufuria moja. Mtu hazaliwi Barabara ya Juu akawapigia kura wale wengine."

"Sasa tunakwenda kuwauliza nini?"

"Desturi tu, mama. Kimbia."

Nuala alikimbia mpaka lango la kwanza, la akina Heneghan. Mbwa wao, mkubwa kama ndama, alimrukia kutoka upande wa pili wa lango mpaka bawaba zikalia. Alirudi nyuma mbio, akajibanza chini ya banda la nyasi za ng'ombe. Maji yalikuwa yamejaa viatuni. Mazoezi ya mchezo wa magongo yalikuwa yanaanza saa moja, na kocha hakuwapanga waliochelewa. Aliitazama barabara inavyopanda, nyumba moja baada ya nyingine, akayakumbuka maneno ya Babu. Wako mfukoni. Desturi tu.

Akafungua kitabu, akatia vema kwa akina Heneghan. Alama hiyo ilimwuma kidogo. Ya pili ilimwuma kidogo kuliko ya kwanza. Ya tisa haikumwuma hata chembe.

"Umerudi upesi," Babu alisema alipoingia garini akitiririka maji.

"Walikuwa nyumbani wote."

"Na Packie je? Alisema nini Packie?"

Hapo Nuala hakuwa amejiandaa. Packie Durcan wa nyumba ya tisa alikuwa rafiki wa Babu tangu wakiwa wanafunzi. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, kwa miaka thelathini, alishuka kilima na pakiti ya karata mfukoni, wakacheza jikoni kwa Babu mpaka waanze kuitana wezi. Nyumba nyingine angeweza kukwepa kuzisemea. Ya Packie, hapana.

"Alisema..." Nuala alijifunga mkanda. "Alisema, 'Mwambie Malachy asiwe na wasiwasi.'"

Babu alicheka, akaupiga usukani kofi. "Huyo ndiye Packie! Huyo ndiye Packie wangu!"

Nuala aliwahi mazoezi. Alicheza vibaya kuliko siku zote.

Kuanzia hapo uongo ule haukumpa nafasi ya kupumua. Babu aliyapenda maneno ya Packie, akawa anayarudia kwa kila mtu: dukani, kanisani, kwa mpeleka barua. "Packie kasema nisiwe na wasiwasi." Nuala alipoyasikia alitamani kuziba masikio. Alhamisi ilipofika alijua mambo yangelipuka, kwa kuwa Packie angekaa hapo hapo mezani, na Babu angemshukuru kwa maneno ambayo hakuyasema. Alimimina chai, nusu ikaingia kwenye sahani.

Lakini jikoni kwa Babu kulikuwa na sheria: siasa haziruhusiwi mezani pa karata. Babu mwenyewe ndiye aliyeiweka, zamani, alipochoka kuombwa mabomba na madaraja na kila aliyekuja kunywa chai yake. Packie alicheza, akashinda, akaitwa mwizi, akaenda zake. Nuala alishusha pumzi. Baadaye akagundua kwamba hakufurahi hata kidogo.

Siku mbili baadaye Mjomba Fintan alikuja akiwa na uso wa mtu asiyelala vizuri.

"Baba, nataka nipite Barabara ya Juu mwenyewe. Nasikia yule muuguzi amekuwa akipita huko."

Muuguzi huyo alikuwa Bernadette Mulrennan, mgombea asiye na chama. Babu alikuwa akimwita "yule mama wa sindano".

"Upoteze jioni nzima kwa nini?" Babu alikifungua kitabu, akaweka kidole chake kinene juu ya vema tisa. "Mtoto alishakwenda. Angalia. Nenda ng'ambo ya mto, huko ndiko kuna maduara. Si ndiyo, mama?"

Wote wawili wakamgeukia Nuala. Mjomba wake alikuwa akitabasamu, akimwamini. Ilikuwa ni kusema neno moja tu, na bado siku sita zilikuwa zimebaki, muda wa kutosha kutengeneza kila kitu.

"Ndiyo," Nuala alisema.

Mjomba akaenda ng'ambo ya mto. Naye Nuala akaona kwamba sasa hata kama angetaka kusema, angelazimika kuungama mara tatu: alama, maneno ya Packie, na hiyo 'ndiyo' ya leo. Kila siku iliyopita, ungamo lilizidi kurefuka.

Jumatano kwenye mazoezi, Sorcha, mjukuu wa Packie na mlinda lango wa timu yao, alikuwa anajaza chupa tatu kwenye bomba la uwanjani.

"Wewe ngamia?" Nuala alimtania.

"Cheka tu. Wewe kwenu maji hayana rangi."

"Kwenu yana rangi gani?"

"Ya chai. Tangu mwaka jana mwezi wa Aprili. Tunachemsha hata ya kupigia mswaki. Mdogo wangu amelazwa mara mbili kwa kuharisha." Sorcha alifunga chupa. "Babu yangu anasema tungoje, watu wa babu yako watakuja kuomba kura, ndipo awaeleze. Mbona hamjaja mpaka leo?"

"Sijui," Nuala alisema, na huo ukawa uongo wa nne.

Kura zilipigwa Ijumaa, katika shule yao, darasa lao likiwa limefungwa siku nzima. Jumamosi asubuhi Babu alivaa koti lake la harusi na mazishi, akampa Nuala penseli iliyochongwa vizuri. "Leo utahesabu na wakubwa," alisema. Lilikuwa jambo la heshima. Mama yake Nuala alikuwa ameisubiri heshima hiyo mpaka alipofikisha miaka kumi na sita.

Ukumbi wa mjini ulikuwa umejaa. Katikati palikuwa na uzio wa vyuma, na ndani yake makarani walikaa kwenye meza ndefu. Kila sanduku lilipofunguliwa, karani aliikunjua karatasi moja moja kifudifudi, kisha akaigeuza, na watu wa vyama waliolalia uzio kwa nje walichungulia nani kaandikiwa namba moja, yaani ndiye mpiga kura anayemtaka kwanza, nani mbili, wakatia alama kwenye karatasi zao haraka kama watu wanaookota pesa barabarani. Kura ni siri, jina la mpiga kura halimo. Lakini kila sanduku lina namba ya mahali lilipotoka, na sanduku dogo la kilima kimoja linasema mengi.

Babu alimweka Nuala mbele, kifua kikigusa chuma, yeye akasimama nyuma yake na fimbo. Kulia kulikuwa na mwanamume mnene, kushoto mwingine. Pa kupita hapakuwapo.

"Sanduku arobaini na moja," karani akatangaza. "Barabara ya Juu."

"Sasa utaona, mama," Babu alimnong'oneza. "Andika Feeney tu. Thelathini na moja. Wengine waachie wenyewe waandike."

Karatasi ya kwanza ikageuzwa. Namba moja: Mulrennan. Ya pili: Mulrennan. Ya tatu, ya nne. Ya tano ilikuwa ya Feeney, na Nuala akaandika kijistari kimoja. Halafu Mulrennan, Mulrennan, Mulrennan. Alikuwa akizitazama zile karatasi na kuona milango tisa ambayo hakuibisha, ikifunguka mmoja mmoja mbele ya macho ya watu wote. Alitaka kuondoka. Mwanamume wa kulia alikuwa ameegemea, wa kushoto ameegemea, na mkono wa Babu ulikuwa begani kwake, ukizidi kuwa mzito.

"Sita," alisema karatasi zilipokwisha. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

Babu alikichukua kile kikaratasi, akakihesabu mwenyewe, vijistari sita, kana kwamba kuna vingine vimejificha.

Hesabu iliendelea mpaka alasiri. Kiti cha tano kilikwenda kwa Bernadette Mulrennan. Mjomba Fintan alipungukiwa kura kumi na tisa. Alimpa muuguzi mkono, akasema maneno mazuri, kisha akaenda kusimama peke yake karibu na mashine ya vinywaji akijifanya anachagua. Nuala alimwona akibonyeza kitufe bila kutia sarafu.

Garini Babu alinyamaza maili saba. Kwenye maili ya nane akasema, "Sijali kushindwa. Nimeshindwa mara mbili maishani, na sijafa. Lakini Packie! Angesema tu hapana. Angezungumzia mvua. Badala yake anamtuma mtoto mdogo aje anidanganye. 'Mwambie Malachy asiwe na wasiwasi!' Miaka thelathini anakunywa chai yangu."

"Babu, labda..."

"Labda nini?"

Nuala aligeukia dirisha la gari. "Labda hakuwa na nia mbaya."

"Nia!" Babu alisema, akakanyaga mafuta.

Jumapili baada ya ibada, watu walisimama nje ya kanisa kama kawaida, wakizungumza juu ya matokeo huku wakijifanya wanazungumza juu ya nyasi. Packie Durcan alikuja na kofia yake mkononi.

"Malachy," alisema kwa upole. "Pole kwa Fintan, ndugu yangu." Akanyoosha mkono.

Babu alimpita bila kumtazama. Watu wote waliona. Mkono wa Packie ulibaki hewani muda mrefu, kisha akautumia kurekebisha kofia ambayo haikuwa kichwani. Nuala alikuwa hatua tatu kutoka hapo. Aliona aibu mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze.

Jumatatu Sorcha alimkabili uwanjani. "Babu yako ana nini? Babu yangu hali. Anakaa tu anauliza, 'Nimemkosea nini Malachy?' Kijiji kizima kinasema sisi ni wasaliti, kwamba tulitoa ahadi. Ahadi gani? Hakuna aliyekuja kwetu! Hata mtu mmoja hakuja!" Macho yake yalijaa machozi. "Kuna mtu anasema uongo, Nuala, na si babu yangu."

Nuala alirudi nyumbani akakataa chakula. Mama alimpima joto, akaona hana homa, akamwambia alale mapema. Lakini kulala mapema si dawa ya ugonjwa ule.

Alhamisi ikafika. Redio ilifungwa. Babu hakutandika kitambaa cha kijani cha karata. Alikaa kwenye kiti chake akitazama dirisha, na saa ya ukutani ilipofika saa kumi na moja hakuiangalia, jambo lililoonyesha wazi kwamba alikuwa akiisikiliza.

Mlango ukabishwa.

Mbisho ule waliujua wote wawili: mara tatu, kidogo kidogo, na kikohozi. Jua la Juni lilikuwa bado juu, na kivuli cha mtu mwembamba kilionekana kwenye kioo cha mlango. Packie alikuwa amekuja. Pamoja na yote yale, alikuwa amevaa kofia yake na kushuka kilima.

"Usifungue," Babu alisema.

Mlango ukabishwa tena. Nuala alisimama katikati ya jiko. Kiti cha Babu kilikuwa upande mmoja, mlango upande wa pili. Akafikiri juu ya milango tisa ambayo ingemchukua jioni moja tu, na mbwa mmoja, na viatu vilivyolowa. Kivuli kwenye kioo kikaanza kugeuka.

Akakimbia, akafungua.

"Mzee Packie, usiende!" Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Hukusema! Babu, hakusema! Sikufika kwake. Sikufika nyumba hata moja. Mbwa wa akina Heneghan alinifukuza, nikakaa bandani nikatia vema zote mwenyewe, na yale maneno ya wasiwasi niliyatunga. Ni mimi. Mjomba alitaka kwenda, mimi nikasema nimeshakwenda. Ni mimi peke yangu."

Halafu akalia, kilio cha wiki tatu.

Packie alisimama kizingitini na pakiti ya karata mkononi. Babu alikuwa amegeuka rangi.

"Malachy," Packie alisema hatimaye, "niingie, au mbu waingie?"

"Ingia," Babu alisema. Akamvutia kiti. "Ingia, Packie."

Packie hakumgombeza Nuala. Alimpa leso yake, akakaa. "Ungekuja, mtoto, ningekuambia nini unadhani? Nisingekuambia utaangaliwa. Ningefungua bomba langu la jikoni, nikajaza gilasi, nikakushikisha. Nikakwambia, mpelekee Malachy."

"Maji?" Babu aliuliza. "Bado maji? Si niliandika barua mwaka jana?"

"Uliandika barua. Hukuja kuona kama imejibiwa."

"Packie, unakaa hapa kila Alhamisi! Kwa nini hukuniambia?"

"Nani aliweka sheria ya meza hii?" Packie alizichanganya karata polepole. "Niliiheshimu. Nikasema, uchaguzi unakuja, watakuja mlangoni, na mlangoni ndipo pa kusema. Nikangoja. Yule muuguzi alikuja mara nne. Mara ya kwanza hakuomba kura hata kidogo, aliomba chupa ya maji akapime. Mimi baba yangu na babu yangu walikuwa watu wenu. Nilipoandika ile namba moja kwa mwingine mkono uliniuma, Malachy. Lakini mjukuu wangu mdogo alikuwa hospitali."

Babu akamwita Nuala karibu. Nuala alitarajia makofi ya maneno, na kweli akayapata.

"Uongo wako ulifanya nimwaibishe mtu mwema mbele ya kanisa. Hilo hulifuti kwa machozi. Kesho utakwenda kwa Fintan umwambie mwenyewe, uso kwa uso. Jumapili tutasimama mimi na wewe pale pale nje ya kanisa, nami nitampa Packie mkono watu wakiona, na nitasema ni kwa nini."

"Ndiyo, Babu."

"Lakini sikiliza na hili." Mzee alikivuta kile kitabu, akafunua kurasa za zamani, za chaguzi zilizopita. Kwenye Barabara ya Juu palikuwa na vema tu, mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko wake mwenyewe. "Unajua ni lini nilipanda kilima kile mara ya mwisho? Na mimi sikumbuki. Nyonga hii ni ya mwaka huu tu. Wewe ulitia alama bila kubisha hodi jioni moja. Mimi nimefanya hivyo miaka ishirini na tano. Na wewe uliogopa mbwa. Mimi nilimwogopa nani?"

Mjomba Fintan, alipoambiwa Ijumaa, alikaa kwenye ngazi ya nyumba yake muda mrefu. Hakumkasirikia kama Nuala alivyoogopa, wala hakumwambia kwamba si kitu. "Ingeniuma kidogo kama ungesema siku ile nilipokuuliza," alisema. "Siku ile ningekuwa nimekwenda." Nuala alilikumbuka hilo kuliko karipio lolote.

Jumapili mikono ilipeanwa mbele ya kanisa. Na Jumamosi iliyofuata Babu na Nuala walipanda Barabara ya Juu kwa miguu, mzee akipumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme, Nuala akiwa amebeba daftari jipya lisilo na jina hata moja. Kwenye lango la kwanza mbwa alikuja kwa ngurumo. Safari hii Nuala alisimama, akaita hodi mpaka mwenyewe akatoka.

"Malachy Feeney!" Mama Heneghan alishangaa, mikono ikiwa imejaa unga. "Uchaguzi si umekwisha? Umepotea njia?"

"Sijapotea," Babu alisema, akivua kofia. "Nimechelewa."

Walikaa nyumba ile saa nzima, na nyumba zote tisa ziliwachukua Jumamosi mbili. Nuala aliandika kila alichoambiwa: nani ameugua, lini, maji yalikuwa na rangi gani. Daftari lilipojaa, Babu alilipeleka mwenyewe kwa diwani mpya, yule mama wa sindano. Alimwomba radhi kwa jina hilo, naye akasema amewahi kuitwa mabaya zaidi na wagonjwa. Yeye alikuwa na majibu ya maabara, Babu alikuwa anajua kila mlango wa ofisi za halmashauri na kila karani anayejificha nyuma yake. Mwezi wa Oktoba mabomba mapya yakalazwa kilimani.

Alhamisi ya kwanza baada ya hapo, Packie alishuka na karata mfuko mmoja na chupa mfuko wa pili. Babu aliiinua chupa dirishani. Maji yalikuwa meupe, dirisha likionekana upande wake wa pili. Nuala alichemshia chai maji hayo hayo.

"Kuna sheria mpya mezani hapa," Babu alitangaza. "Dakika kumi za kwanza, kila mtu aseme shida yake. Baada ya hapo, karata." Kisha akamgeukia Nuala. "Na wewe, mama, ushike jambo hili ukiwa bado mdogo, mimi nimelishika nikiwa mzee. Kura ya mtu hairithiwi kama shamba. Ukitaka kujua moyo wa mtu, panda kilima umwulize, halafu ukweli wowote utakaoambiwa uuandike kama ulivyo, hata ukikuuma. Kinachoandikwa bila kuulizwa ni uongo, hata kikiwa na vema."

"Maneno mazuri," Packie alisema, akigawa karata. Alikuwa na kijicheko machoni. "Kwa hiyo, Malachy, uchaguzi ujao niko mfukoni mwako?"

Babu alizipanga karata zake taratibu kabla ya kujibu.

"Sijui," alisema. "Bado sijakuuliza."